Mama mkongwe asikalishwe kitini kutwa

Na MWANDISHI WETU

KATIKA mitaa ya Umoja, Kayole na Buruburu, ni kawaida kusikia binti akimwambia mamaye mkongwe: "Keti tu, Mama, usije ukaanguka." Hayo ni maneno ya huruma, lakini yanaweza kumdhuru mzazi huyo.

Mifupa hubomolewa na kujengwa upya kila mara. Mwanamke anapokoma kupata hedhi, aghalabu kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni inayolinda mifupa hupungua, nao ubomoaji ukaushinda ujenzi. Hali hii huitwa osteoporosisi. Haina maumivu hadi siku mama anapoteleza bafuni na kuvunjika mkono au nyonga. Wengi wanaovunjika nyonga hawarudii tena mwendo wao wa awali.

Kukaa kutwa huzidisha hatari. Mfupa usiotumika hudhoofika, misuli hulegea na miguu husahau kujisawazisha.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha angalau siku 3 kwa wiki. Si lazima kulipia ukumbi. Mama anaweza kuinuka kitini mara 10 bila kujisukuma kwa mikono, kusimama kwa mguu mmoja akishikilia meza, kupanda ngazi za ploti polepole, au kwenda soko la Mutindwa kwa miguu.

Umri si kizuizi. Huko Korogocho, kikundi cha ajuza kimewahi kujifunza kupiga ngumi na mateke ili kujikinga na wabakaji. Hata hivyo, mwenye mifupa dhaifu asiige mateke hayo kabla ya kumwona daktari.

Aepuke pia kukunja mgongo na kubeba mtungi wa maji wa lita 20. Beseni la kufulia liwekwe juu ya stuli, na ufagio uwe na mpini mrefu. Mlo uwe na maziwa, mboga za kijani na omena, ambao huliwa pamoja na mifupa yao yenye kalsiamu.

Kwa hivyo, binti, usimwambie mama aketi. Tia balbu kwenye ngazi zenye giza, umshike mkono, mshuke pamoja.