Askari wa Akiba Anapohamia Mbali

Neno akiba halina utata katika lugha yetu. Ni kitu kinachowekwa kando na kutunzwa ili siku ya dhiki kipatikane. Aghalabu huwa ni nafaka ghalani au fedha benki. Hata hivyo, yapo mataifa yanayoweka binadamu akiba. Mtu wa aina hiyo ni karani, mkulima, mwalimu au muuguzi siku zote za juma, na mara moja kwa mwezi huvaa magwanda akaripoti kambini. Ghala la nafaka halihami. Binadamu huhama, na anapohama ndipo utaratibu mzima uliomweka akiba unapotiwa mizani.

Suala hili nimeletewa na kijana niliyemfundisha miaka mingi iliyopita, ambaye sasa ni raia wa Marekani na askari katika jeshi la akiba la nchi hiyo. Msomaji asishangae kwamba Mkenya yumo humo. Mwaka wa 2008 wizara ya ulinzi ya Marekani iliidhinisha mpango wa kuwaandikisha jeshini wageni wenye ujuzi wa lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo. Mpango huo ulisitishwa mwaka wa 2016, lakini walioingia waliingia, na wengine wengi waliingia kwa njia ya kawaida. Kijana wangu ametumikia miaka tisa. Kazi yake ya riziki ni uuguzi, na karibuni amepata nafasi katika mji mdogo wa jimbo la Montana, milimani, ambako kituo chake cha mafunzo ni safari ya saa sita kwa gari wakati barabara ni kavu. Ananiuliza: "Mwalimu, niendelee au niache?"

Ili tuone uzito wa swali hilo hatuna budi kufahamu hesabu za huko. Askari wa akiba hufanya mafunzo wikiendi moja kila mwezi, na takriban majuma mawili mfululizo kila mwaka. Kila kipindi cha saa nne huhesabiwa alama moja, na wikiendi moja ina vipindi vinne. Kwa hiyo wikiendi kumi na mbili humpa alama 48. Ongeza alama 15 anazopewa kwa uanachama pekee, na alama moja kwa kila siku ya yale majuma mawili, naye huvuka 70 bila shida. Sheria inataka alama 50 ili mwaka uhesabiwe kuwa mwaka kamili. Akifikisha miaka 20 ya namna hiyo hustahili pensheni, ambayo kwa kawaida huanza kulipwa atimizapo umri wa miaka 60. Asiyefikisha miaka 20 hapati pensheni hiyo ya uzeeni, hata akiwa na miaka 19. Kijana wangu ana tisa. Amekwisha kutimiza ile miaka minane ambayo kila anayejiandikisha hulazimika kuitumikia, kwa hiyo hakuna wa kumshika mkono akitaka kuondoka. Lakini akiondoka, ile miaka tisa haitamletea pensheni.

Mlango mmoja uko wazi, nao huwavutia wengi. Askari anaweza kuhamishiwa katika daftari la wale wasio na kikosi. Huko haendi mafunzoni kila mwezi. Jina lake hubaki katika orodha tu. Kwa mtu aliyehamia nyikani au milimani jambo hili huonekana kama rehema. Waama, si rehema tupu. Malipo ya mafunzo hukatika. Bima nafuu ya afya ambayo askari wa akiba mwenye kikosi huweza kuinunua humponyoka. Zile alama 15 za uanachama hubaki, lakini 35 zilizosalia ni lazima azitafute mwenyewe, kwa masomo ya posta na kwa kujitolea kazi za muda. Isitoshe, kuwa katika orodha si kusahauliwa. Mwaka wa 2004 jeshi la nchi kavu la Marekani lilitangaza kuwaita askari wapatao 5,600 kutoka daftari hilo hilo kwa ajili ya vita vya Iraq na Afghanistan. Wengi wao walikwisha kuyazoea maisha ya kiraia.

Nauli nayo ni tatizo. Kwa kawaida askari wa akiba husafiri kwenda mafunzoni kwa gharama yake mwenyewe, ila wachache wanaotimiza masharti maalumu. Aliye mjini hulipia mafuta ya nusu saa. Aliye milimani hulipia mafuta ya saa kumi na mbili kwenda na kurudi, na malazi pengine, kisha hupokea malipo yale yale. Walimu wetu waliopangiwa kazi mbali na barabara ya lami wanaijua hesabu hii barabara. Angalau wao wana marupurupu ya mazingira magumu.

Kuna upande mwingine ambao watu wa mijini hawauoni. Mwaka wa 1994 Marekani ilipitisha sheria inayomlinda mfanyakazi anayeitwa jeshini: mwajiri hana ruhusa ya kumfukuza, na arudipo sharti arudishiwe kazi yake. Sheria hiyo humfunga mwajiri hata awe na mfanyakazi mmoja tu. Ni sheria ya haki, nami naiunga mkono. Lakini katika hospitali ya jiji, muuguzi mmoja akiitwa, wenzake mia wanabaki. Katika zahanati ya mji mdogo, akiitwa muuguzi mmoja, pengine mlango unafungwa. Kadiri mahali palivyo mbali ndivyo kila mtu alivyo wa lazima, na kwa hiyo taifa linapomchukua askari wake wa akiba kutoka mahali kama hapo, linakopa kwa watu ambao hawana cha kukopesha.

Je, ni lazima iwe hivyo? Nadhani sivyo, na ushahidi uko kaskazini zaidi. Mwezi wa Juni 1942 Wajapani walishambulia Dutch Harbor huko Alaska, na wakavikalia visiwa vya Attu na Kiska. Alaska wakati huo haikuwa jimbo bado. Ilikuwa himaya tu, na pwani yake ndefu haikuwa na askari wa kutosha. Meja Marvin Marston akatumwa kuzunguka vijijini, mara nyingi kwa sleji ya mbwa, akiwaandikisha wenyeji. Zaidi ya watu 6,000 walijitolea, wengi wao wenyeji wa asili, wazee na vijana, wakilinda pwani bila mshahara hadi kikosi kilipovunjwa mwaka wa 1947. Jeshi halikuwataka wahame. Liliwataka kwa sababu walikuwa pale pale, wakiijua barafu kama mvuvi wa Lamu anavyoujua mkondo wa bahari. Mchango wao wa kijeshi ulitambuliwa rasmi kwa sheria mwaka wa 2000, wakati ambapo wengi walikuwa wamekwisha kufariki.

Kanada nao walikuwa na wazo kama hilo, wakalifanya la kudumu. Tangu mwaka wa 1947 nchi hiyo ina kikosi cha akiba kiitwacho Canadian Rangers, ambacho leo kina watu wapatao 5,000 katika vijiji vya mbali, hasa vya kaskazini na pwani. Mkufunzi ndiye anayepanda ndege kumfuata askari. Askari hutumia chombo chake mwenyewe cha kusafiria thelujini na hulipwa kwa matumizi yake. Hakuna umri wa lazima wa kustaafu, maana huko mzee mwenye miaka 70 anayejua kusoma dalili za barafu ni hazina kuliko kijana mwenye misuli. Bunduki yao kwa miongo mingi ilikuwa Lee-Enfield ya zama za vita, iliyopendwa kwa kuwa haikwami katika baridi kali. Ilianza kubadilishwa mwaka wa 2018.

Sisi nasi tunacho kisa chetu, ingawa ni cha polisi na si cha jeshi. Maafisa wa akiba wa polisi wa Turkana, Samburu na Baringo ni watu wa kujitolea wanaolinda vijiji vyao wenyewe, wanaovijua vijia vya mifugo na visima. Kwa miaka mingi walifanya kazi hiyo bila mshahara. Mwaka wa 2019 serikali ilikusanya bunduki zao ili wachujwe upya, na vijiji vingi vikalalamika kwamba vimeachwa wazi mbele ya majangili. Sitetei silaha zilizotumiwa vibaya, kwani zilikuwapo. Nasema tu kwamba waliotunga amri walikaa Nairobi, na kwamba umbali uliwafanya wamwone mtu huyo kama jina katika orodha.

Wanafunzi wangu hupenda kuuliza kama uzalendo hupimwa kwa kilomita. Swali hilo wawaulize wapanga ratiba za kambi. Anayeendesha gari saa sita katika theluji ili apige gwaride la saa nne ametimiza sehemu yake zamani.

Basi kijana wangu nimemjibu hivi. Kwanza asitie sahihi karatasi yoyote ya kuhamishiwa daftari la wasio na kikosi kabla ya kuuliza katika ulinzi wa taifa wa jimbo la Montana. Kikosi hicho kiko chini ya gavana wakati wa amani, kina vituo katika miji mingine ya jimbo, na huenda kina nafasi inayolingana na cheo chake na ujuzi wake wa uuguzi. Pili, azungumze na mkuu wa zahanati sasa, kabla ya barua ya kuitwa kufika, wakubaliane nani atashika zamu. Tatu, ahesabu alama zake. Mwaka wake wa kijeshi hauanzi Januari. Huanza tarehe aliyojiandikisha, nayo, kama kumbukumbu yangu ni sahihi, ni mwezi wa Oktoba. Akiwa na pungufu ya alama 50 tarehe hiyo itakapofika, mwaka wote huu hautaingia katika ile 20. Bado ana wikiendi tatu za mafunzo kabla ya hapo, na theluji haijaanza.