Sifa Unazo, Nafasi Je?

"Mwalimu, sifa ninazo, mbona sikuchaguliwa?" Kila msimu wa udahili nalijibu swali hili mpaka sauti inakauka. Leo naliandika, lisomwe na wote.

Kijana wa PCB alikuja na baba yake, matokeo yakiwa kwenye simu: Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C. Pointi 8. Aliomba Udaktari wa Binadamu katika vyuo vitatu vikubwa, basi. Kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), mzee alikuwa amepigia mstari kwa kalamu nyekundu pale palipoandikwa D tatu, jumla pointi 6. "Kazidi kwa mbili," akaniambia.

Mzee wangu, zile pointi 6 ni ruhusa ya kupanga foleni! Mwenye D tatu ana sifa. Mwenye A tatu, pointi 15, naye ana sifa. Chuo kinahesabu kuanzia juu mpaka nafasi ziishe. Zikiishia kwenye pointi 11, mwenye 8 hajaonewa na jina lake halijachakachuliwa. Na kuomba fani ileile vyuo vitatu si kujihami, kwa sababu tangu 2017 maombi yanakwenda chuoni moja kwa moja, na waliokuzidi Muhimbili ndio haohao walioomba Bugando na Dodoma. Yule wa stesheneri anayekujazia maombi na kudai "ana mtu ndani" anakula hela ya ada yako tu. Majina yote yanahakikiwa TCU.

Sasa fanya hivi. Soma safu ya idadi ya nafasi kwenye mwongozo. Piga simu ofisi ya udahili, uliza wa mwisho mwaka jana aliingia na pointi ngapi. Chagua chuo kimoja cha kujaribu, viwili vya saizi yako, na kimoja cha akiba, kwa fani utakayoisoma kwa moyo mmoja: uuguzi, maabara, au tiba ya mifugo pale SUA, Morogoro. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja mapema. Nafasi unazoziacha ndizo wenzako wanazozisubiri awamu ya pili ya udahili. Ukikosa, omba siku ileile dirisha la awamu hiyo linapofunguliwa. Stashahada ya utabibu, miaka mitatu, nayo ni njia ya kufika kwenye udaktari kwa anayefaulu vizuri. Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo (HESLB), peke yake, na dirisha lake halimsubiri mtu apate chuo kwanza.