Hina, piko na rangi za saluni: Tujue tunachokitia vichwani

Leo tumekusudia kulizungumza jambo ambalo wanaume wengi hulipita wakidhani ni la wanawake peke yao, na wanawake nao huliona la kawaida mno hata lisihitaji elimu. Jambo lenyewe ni kutia nywele rangi.

Kilichotusukuma ni swali. Mama mmoja wa makamo alitujia baada ya darsa ya Alasiri, akatueleza habari za binti wa kaka yake. Binti huyo alipoolewa alichorwa piko mikononi na miguuni. Siku chache baadaye michoro ikavimba, ikatoa malengelenge, kisha ikapona na kuacha alama. Watu wakasema ni joto. Miaka miwili ikapita. Mfunguo mosi ulipoingia, akaenda saluni kutia nywele rangi nyeusi kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Msusi hakumuuliza lolote, naye hakusema lolote. Asubuhi ya pili macho hayakufunguka kwa uvimbe, ngozi ya kichwa inatoka maji, na akalazwa hospitalini siku 3.

"Sheikh," akauliza shangazi yule, "gharama hizi ni juu ya nani? Tuseme ni kadari ya Mungu tukae kimya, au msusi anadaiwa?"

Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba huwezi kukitolea hukumu kitu usichokifahamu. Hatukumjibu siku ile. Tulikwenda kwanza kwa wenye fani, tukauliza rangi hizi hufanyaje kazi, na tuliyoyapata tunaona ni haki ya kila familia kuyajua.

Unywele mmoja, kwa wembamba wake wote, umejengwa kwa matabaka. Nje kuna vigamba vilivyolaliana kama makuti ya paa. Ndani yake kuna kiini, na humo ndimo zilimo chembe za rangi ziitwazo melanini: aina moja hutoa weusi na hudhurungi, nyingine hutoa wekundu na umanjano. Mvi ni unywele ulioota bila ya chembe hizo. Na ifahamike kwamba unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai. Ukiungua hauponi, hukatwa tu na kungojewa mwingine, nao huota kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi.

Wenye fani huupima weusi wa nywele kwa daraja, 1 hadi 10. Daraja la 1 ni nyeusi tititi, la 10 ni manjano iliyopauka kabisa. Nywele za wengi wetu ziko katika daraja za chini. Mtu akitaka kuzipandisha, chini ya weusi hutokeza wekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano. Ndiyo sababu msichana huenda kutaka hudhurungi ya asali akarudi na kichwa cha rangi ya chungwa, nyumbani wakamcheka. Fundi aliyesoma hujua kwamba bluu huizima chungwa, zambarau huizima manjano, na kijani huuzima wekundu. Hujua pia kwamba rangi haiinui rangi: aliyekwisha kupaka nyeusi hapati hudhurungi kwa kupaka hudhurungi juu yake, mpaka ile ya kwanza iondolewe, mara nyingi kwa blichi, na blichi ina gharama yake kwa afya ya unywele.

Rangi zenyewe zimegawanyika. Ipo inayokaa juu ya vigamba na kuoshwa ikaisha. Ipo inayoingia kidogo, ikafifia baada ya kuoshwa mara kadhaa. Na ipo ya kudumu, ambayo ndiyo tunayoikusudia leo. Hii huja katika vitu viwili vinavyochanganywa papo hapo: krimu ya rangi, na dawa iitwayo haidrojeni peroksaidi. Ndani ya krimu mna amonia, au dawa nyingine ya jinsi yake, ambayo huvinyanyua vigamba kama mtu anyanyuaye makuti. Chembe ndogo ndogo zisizo na rangi huingia ndani ya kiini. Humo peroksaidi huziunganisha zikawa kubwa na zenye rangi, zisiweze tena kutoka. Katika chembe hizo, iliyo mashuhuri kwa kuleta weusi ni parafenilinidiamini, na madaktari huifupisha kwa herufi PPD. Tunamwomba msomaji alikumbuke jina hili.

Nguvu ya peroksaidi huandikwa kwa asilimia: 3, 6, 9 na 12. Kwa kufunika mvi, asilimia 6 kwa kawaida yatosha. Anayechukua 12 kwa kudhani kwamba nguvu zaidi ni uzuri zaidi anajiunguza bure. Bakuli liwe la plastiki au kioo, lisiwe la chuma. Joto la kichwa huharakisha rangi mashinani, kwa hiyo anayezipandisha nywele daraja kwa mara ya kwanza huanza katikati ya nywele na mashina yakawa ya mwisho. Anayerudia hupaka sehemu mpya iliyoota tu. Muda ni ule ulioandikwa na mtengenezaji, si ule wa kumalizika kwa mazungumzo. Na kwa dada zetu waliotia dawa ya kulainisha nywele: dawa hiyo na rangi zisikutane siku moja. Hulainishwa kwanza, ikangojewa kiasi cha wiki mbili, ndipo rangi.

Sasa turejee kwenye piko, maana hapo ndipo penye msiba wa binti yetu. Hina ni jani. Rangi yake ni ya chungwa, ikaiva siku ya pili hadi hudhurungi yenye wekundu. Hina haijawa nyeusi wala haitakuwa. Ukiambiwa "hina nyeusi" ishikayo kwa saa moja, fahamu kwamba kuna kitu kingine. Piko ya mwambao wetu ni unga uliotengenezwa kwa ajili ya nywele, na weusi wake ni wa PPD hiyo hiyo. Umoja wa Ulaya umeiwekea PPD kikomo cha asilimia 2 katika rangi inayopakwa nywelani, na haukuiruhusu kupakwa kwenye ngozi kabisa. Sisi tunaichora kwa kijiti juu ya ngozi ya bi harusi, bila ya kipimo chochote, tena tunamwambia asinawe mapema! Mwaka 2006 chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani wanaoshughulikia madhara ya vitu vinavyogusa ngozi waliitaja PPD kuwa ndiyo kizio cha mwaka, yaani kitu walichotaka watu wakiangalie zaidi. Huko Sudan, ambako wanawake huichanganya na hina, hospitali zimepokea watu walioinywa wakavimba koo hata kushindwa kupumua, kisha figo zikafeli. Unga huo usiwekwe kabatini pamoja na viungo vya jikoni, wala mahali ambapo mtoto hufika.

Hatari yake ina siri moja. Mwili hauisahau. Mtu akiungua kwa piko mara moja, kinga ya mwili huhifadhi kumbukumbu hiyo kwa miaka, pengine kwa umri wote, na siku atakapotia rangi ya saluni, hata iwe halali kipimo chake, mwili hushambulia kana kwamba adui amerudi. Binti yule hakuugua siku ya harusi ya mdogo wake. Aliugua siku ya harusi yake mwenyewe.

Kwa ajili hiyo watengenezaji huandika ndani ya boksi kwamba rangi kidogo ipakwe nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, ingojewe saa 48, na ikiwasha au kuvimba isitumiwe. Aliyewahi kuungua kwa piko asifanye hata jaribio hilo nyumbani; aende kwa daktari wa ngozi. Nyusi na kope zisipakwe rangi hizi kamwe, kwani zinaweza kupofusha.

Wapo watakaotuuliza juu ya sheria. Kubadilisha mvi kumehimizwa, na Mtume (S.A.W.) ameisifu hina pamoja na mmea uitwao katam. Katika riwaya ya Muslim, siku ya ufunguzi wa Makka mwaka wa 8 wa Hijra, aliletwa Abu Quhafa, baba yake Abubakar (R.A.), kichwa na ndevu vyeupe, Mtume akaamrisha vibadilishwe na weusi uepukwe. Kutokana na hapo Imam Nawawi ameuona weusi kuwa ni haramu, wengine wakauona makruhu, na Abu Yusuf ni katika walioruhusu. Ama udhu, rangi iliyoingia ndani ya unywele haiweki gamba la kuzuia maji.

Neno moja pembeni kwa akina bibi. Msimpake hina mtoto mchanga. Wapo watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, jambo lisilo geni katika nchi zetu za malaria, na hina hata ile safi imewahi kuzivunja chembe zao za damu.

Tulimjibu shangazi hivi. Imepokewa na Abu Daud kwamba anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara yake, na wanafiqhi wamewaingiza humo wapiga chuku na mafundi wengine wanaougusa mwili wa mtu. Fundi aliyesoma, akauliza, akajaribu saa 48, kisha likatokea la kutokea, hana dhambi wala deni. Aliyeacha kilichoandikwa katika boksi lake mwenyewe amezembea, na mwenye kuzembea hulipa.

Msusi alipoitwa hakubisha. Alisema amejifunza kazi kwa kumtazama mwenziwe, na kwamba karatasi iliyomo ndani ya boksi imeandikwa Kiingereza, yeye huitupa pamoja na boksi. Sulhu ikapita: alipe nusu ya gharama za hospitali kwa mafungu matatu, na nusu ya pili familia ikamsamehe. Ameshamaliza kulipa. Siku hizi ana daftari mlangoni, humwuliza kila mteja kama amewahi kuchorwa piko, na humpaka nyuma ya sikio akamwambia arudi keshokutwa. Ametueleza kwamba baadhi yao hawarudi. Huvuka barabara wakaingia saluni ya pili, ambako hakuna anayeuliza.