Genge Lililojifanya Serikali

Watu wengi hudhani kwamba genge ni wahuni wachache waliokutana gizani. Mambo yaliyotukia Mlima Elgon, katika Bungoma, tangu mwaka 2006 hadi 2008, yatufundisha vingine. Jeshi la Kulinda Ardhi ya Wasabaot, yaani SLDF, lilizaliwa katika ugomvi wa kugawa mashamba ya Chepyuk. Lilikuwa na makamanda, akiwamo Wycliffe Matakwei, na vijana walioapishwa, wengi wao kwa nguvu. Lilitoza wananchi kodi, likakata kesi na kutoza faini. Waliolipinga walikatwa masikio au kuuawa. Maelfu walihama, wengine wakakimbilia upande wa Kitale. Mwezi Machi 2008 serikali ilipeleka wanajeshi, na Mei Matakwei akauawa. Lakini wanajeshi nao walishutumiwa kwa kuwatesa raia.

Basi ndugu msomaji, genge halisimami kwa bunduki peke yake. Lasimama kwa fedha za wenye hofu na kinyongo cha walionyimwa shamba. Bunduki yaweza kumwondoa kamanda. Kinyongo huondolewa na ugawaji wa haki.