Je, Wajua? Protini ya Kunde Inaanzia Hewani

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya naitrojeni iliyojenga protini ya kunde ulizokula jana huenda ilikuwa hewani miezi michache kabla ya mavuno?

Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni. Tunaivuta na kuitoa vilevile ilivyoingia. Mahindi nayo yamezungukwa na naitrojeni hiyo usiku na mchana, na bado majani yake hugeuka manjano kwa kuikosa. Shida ni kwamba naitrojeni ya hewani hukaa atomu mbili mbili, zimeshikana kwa kifungo cha mara tatu ambacho mmea wowote hauwezi kukikata. Hata kunde, maharage, choroko, mbaazi, karanga na soya haziwezi. Ila mizizi yake hufuga bakteria wanaoweza.

Bakteria hao wanakaa kwenye vinundu, na yeyote mwenye shamba anaweza kuviona. Nenda maharage yakiwa yanatoa maua. Usiling'oe shina, maana kwenye udongo mgumu vinundu hukatika na kubaki chini, ukadhani havikuwepo. Chimba kwa jembe kuzunguka shina, linyanyue na udongo wake, kisha lioshe taratibu ndani ya ndoo. Utaona vivimbe vya mviringo, vya milimita chache, vimejishikiza ubavuni mwa mizizi. Kikiachia unapokisugua kwa kidole, hicho ni kinundu. Ikiwa ni mzizi wenyewe uliofura na uvimbe hautoki, hiyo ni kazi ya minyoo fundo, na minyoo hao ni wadudu waharibifu wa kweli. Wakulima wengi huvichanganya vitu hivi viwili, wakaogopa kilicho cha heri.

Sasa kipasue kwa ukucha. Ndani kikiwa cha waridi au chekundu, bakteria wako kazini. Kikiwa cha kijani au kahawia, kimezeeka. Cheupe ama bado ni kichanga, ama kina bakteria wasiozalisha chochote.

Wekundu huo unatokana na leghemoglobini, ndugu wa himoglobini ya damu yetu, na yenyewe ina madini ya chuma. Mjapani Hideo Kubo aliitambua mwaka 1939 kwenye vinundu vya soya. Kwa nini mmea uhitaji kitu cha namna hiyo? Kwa sababu kimeng'enya kinachokata naitrojeni huharibiwa na oksijeni, na wakati huohuo bakteria wenyewe hawawezi kufanya kazi bila oksijeni. Leghemoglobini huishika oksijeni na kuwagawia kidogo kidogo, kiasi cha kupumua, bila kuacha ya ziada ikizagaa ndani ya kinundu. Katika mambo yote niliyowahi kusoma kuhusu mimea, hili ndilo linalonistaajabisha zaidi.

Je, wajua ushirika huu wa mizizi na bakteria uligunduliwa kwa mchanga mtupu? Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walipanda shayiri na njegere kwenye mchanga usio na naitrojeni. Shayiri ilikua kwa kadiri ya mbolea iliyowekewa, basi. Njegere zilikuwa hazitabiriki: nyingine zilidumaa, nyingine zilistawi bila mbolea yoyote. Mchanga ulipochomwa hadi vijidudu vyote vikafa, njegere zote zilidumaa. Ulipotiwa maji yaliyochujwa kutoka udongo wa shamba, zilinawiri na kutoa vinundu. Walitangaza matokeo yao mwaka 1886. Miaka miwili baadaye Martinus Beijerinck, kule Delft nchini Uholanzi, akawatenga bakteria wenyewe.

Kiwanda cha mbolea hufanya kazi hiyohiyo ya kukata naitrojeni kwa njia ya Haber na Bosch, iliyoanza uzalishaji mkubwa Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Kinahitaji joto la nyuzi 400 hadi 500 na mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida kwa zaidi ya mara 100. Kinundu hufanya hivyo kwenye udongo wa vuguvugu, kwa kutumia chuma na chembe za molibdeni.

Lakini si bure. Mmea hulipa kwa sukari inayotengenezwa majani yakipata jua, na hufuatilia malipo yake. Mwaka 2003 Toby Kiers na wenzake, wakiwa Davis, California, walichapisha jaribio walilofanya kwenye soya. Waliondoa naitrojeni kwenye hewa iliyozunguka vinundu, wakaweka gesi ya agoni badala yake, hivi kwamba bakteria wakawa hawana cha kuzalisha hata wangetaka. Mmea ulipunguza oksijeni inayoingia kwenye vinundu hivyo, na bakteria waliokuwamo wakazaana karibu nusu tu ya wenzao waliokuwa wakifanya kazi. Na kuna upande wa pili: ukimwaga urea nyingi kwenye maharage, mmea hupata naitrojeni ya mkato na huacha kutengeneza vinundu. Wanachohitaji sana bakteria hawa ni fosforasi, na hapo ndipo mbolea ya Minjingu, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara kwenye mabaki ya ndege wa zama za kale, inapopata kazi nzuri.

Kuna jambo linalowaumiza wakulima wa soya. Kila zao lina bakteria wake linaoelewana nao. Kunde ni mzaliwa wa Afrika na haina makuu: inapokea bakteria wengi wa udongo wetu. Soya asili yake ni Asia ya Mashariki, na bakteria wake hawakuja nayo. Aina za soya zilizoletwa kutoka nje zilipandwa zikawa za manjano, watu wakasema ardhi imechoka. Kituo cha IITA kule Ibadan, Nigeria, kilizalisha aina zinazoitwa TGx, ambazo zinakubaliana na bakteria waliozoea kunde. Njia ya pili ni kuwapeleka bakteria wenyewe shambani: unga wenye bakteria hai unapakwa kwenye mbegu siku ya kupanda. Unga wa namna hii umetengenezwa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Hao ni viumbe hai, na muuzaji akiwaanika juani dirishani mwa duka, unanunua vumbi. Lowanisha mbegu kwa maji ya sukari kidogo ili unga ushike, changanya kivulini, panda hapohapo na fukia.

Je, wajua mbegu huificha wapi naitrojeni yote hiyo? Ndani ya yale mapande mawili ya punje, katika vifuko vidogo vilivyojaa protini ya akiba, chakula cha mche kabla haujatoa majani. Punje kavu ya maharage ina protini kama asilimia 22, soya kama 36 hadi 40, wakati mahindi hayazidi sana 10. Na takribani asilimia 16 ya uzito wa protini ni naitrojeni. Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, alibuni mwaka 1883 njia ya kupima naitrojeni iliyomo kwenye nafaka. Maabara nyingi hadi leo hupima naitrojeni, huzidisha kwa 6.25, na kuandika jibu kama protini.

Hesabu hiyo ina mwanya, na mwanya huo umewahi kuua. Mwaka 2008 nchini China maziwa yaliyoongezwa maji yalitiwa melamini, kemikali ya viwandani ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni. Kipimo kikasoma protini ya kutosha. Watoto wachanga sita walikufa, na wapatao 300,000 waliugua.

Protini nyingine ndani ya punje ni silaha. Maharage mekundu mabichi yana lektini inayoweza kumtapisha mtu mzima kwa punje nne au tano tu. Kuchemka kwa nguvu kwa dakika 10 huimaliza, baada ya kuroweka na kumwaga maji ya kwanza. Kuyaweka kwenye moto hafifu usiofikia mchemko ni hatari, maana sumu hubaki wakati maharage yanalainika na kuonekana yameiva. Na lektini hiyohiyo ilisaidia tiba. Kule Philadelphia, Peter Nowell aligundua kwamba inaamsha chembe nyeupe za damu zigawanyike nje ya mwili, na chembe inayogawanyika ndiyo inayoonyesha kromosomu zake. Mwaka 1960 yeye na David Hungerford walitangaza kromosomu isiyo ya kawaida kwa wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu.

Makande nayo yana sayansi yake. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, ya maharage ina upungufu wa methionini, na kila moja hujaza pengo la mwenzake. Wapare na makande yao na Wakikuyu na githeri yao walikuwa wakila mchanganyiko sahihi kabla asidi amino hazijapewa majina.

Sasa nije kwenye msemo ninaoukataa, ule wa mikutano ya kilimo, kwamba ukipanda maharage basi umerutubisha shamba. Tupige hesabu. Gunia la kilo 90 lina protini kama kilo 20, na ndani yake naitrojeni kilo tatu na kidogo. Magunia saba yakiondoka, shamba limetoa naitrojeni ya karibu mfuko mzima wa urea wa kilo 50, ambao una kilo 23. Maharage ya kawaida ni wavivu wa kuchota hewani ukilinganisha na kunde au soya. Mara nyingi hupata hewani pungufu ya hicho kilichomo kwenye mavuno. Kinachobaki kimo kwenye majani, mashina na maganda, kidogo sana kwenye mizizi. Na tunavunaje? Tunang'oa mmea mzima, tunaubeba hadi uani, tunapura kwa fimbo, maganda tunayachoma. Majivu yana potasiamu, naam, na magharibi mwa Kenya hutumiwa kulainishia mboga, lakini naitrojeni imeondoka na moshi. Shamba hilo msimu ujao ni maskini kuliko lilivyokuwa. Anayepura shambani na kutawanya maganda, au anayeyalisha ng'ombe na kurudisha samadi, ana hesabu tofauti kabisa.

Mbaazi ndiyo inayostahili sifa hizo zaidi. Hukaa shambani miezi mingi baada ya mahindi kuvunwa, mizizi yake huenda chini mno, na muda wote huo majani hupukutika na kuoza palepale, hata kama mama amekata mashina kwa ajili ya kuni. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa kununua mbaazi kutoka nje, bei iliporomoka Tanzania, Malawi na Msumbiji, na wengi wakaapa kutoipanda tena. Walioendelea kuipanda katikati ya mahindi walipata fedha kidogo kwa mbaazi zao, na mahindi yaliyofuata yakapata ile naitrojeni ya majani.