Je, Wajua? Mkweli Hulipwa Pointi 5!

Sogea hapa kwenye benchi, nikupe mambo! Kuna michezo ya mezani ambayo kila mchezaji hujiundia mhusika wake, awe mwindaji, mganga au mfanyabiashara, kisha wote wanaingia kwenye hadithi moja. Kazi kubwa ni kuhakikisha wanaanza sawa. Hesabu hiyo tuianzie hapahapa Dodoma, kijiweni chini ya mwarobaini.

Je, wajua kuwa bao la kiswahili lina kete 64, na kila mchezaji huanza na 32 kamili? Shimo liitwalo nyumba linapewa 6, mashimo mawili ya kuume kwake 2 na 2, na 22 zinabaki mkononi. Jumlisha mwenyewe: hakuna aliyepunjwa hata kete moja!

Je, wajua kuwa bao la kujifunza halina hata haja ya akiba ya mkononi? Mashimo yote 32 yanajazwa kete mbili mbili, nazo zinatimia 64 zilezile.

Je, wajua kuwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Singida, wana mchezo wa bahati uitwao lukuchuko? Vipande vya magome ya mti vinarushwa, na mishale ya sumu inahama mkono hadi mkono. Lakini upinde hauwekwi dau! Umeliwa kila kitu leo? Kesho unaingia porini na upinde wako begani, kama wenzako.

Je, wajua kuwa Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974, ulianza kwa kuachia dadu ziamue? Unarusha dadu 3 kwa kila sifa kati ya sifa 6: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Kupata 18, alama ya juu kabisa, ni bahati ya mara 1 kati ya 216.

Na kupata 18 kwenye sifa zote 6? Shikilia benchi: mara 1 katika trilioni 101 na ushee! Ukijaribu mara moja kila sekunde, usiku na mchana, itakuchukua kama miaka milioni 3.

Je, wajua kuwa kwenye Traveller, mchezo wa mwaka 1977, mhusika wako angeweza kufa ukiwa bado unamuunda? Hadithi haijaanza, marehemu tayari unaye!

Ndipo ikaja dawa: kila mtu apewe pointi sawa, anunue sifa kama anayenunua sokoni. Kwa kanuni za Dungeons & Dragons za mwaka 2014, unapewa pointi 27, na kila sifa inaanzia 8. Kutoka 8 kwenda 9 unalipa pointi 1, lakini kutoka 14 kwenda 15 unalipa 2. Kileleni kuna bei yake!

Hebu ona maajabu ya bei hiyo. Nunua 15 tatu na uache 8 tatu: pointi 27 zimekwisha, na jumla ya sifa zako ni 69. Nunua 13 tatu na 12 tatu: pointi ni 27 zilezile, lakini jumla ni 75!

Je, wajua kuwa kwenye GURPS, mchezo uliotoka mwaka 1986, udhaifu unakulipa? Chukua jicho moja lisiloona, unapewa pointi 15 za kununulia kitu kingine. Na mhusika asiyeweza kusema uongo? Anapewa pointi 5, maana ukweli utamponza njiani!

Kuna na vijitabia vya pointi 1 kila kimoja, mwisho 5. Mhusika wako hapiti muuza ubuyu bila kununua? Hiyo ni pointi 1, ichukue!

Je, wajua kuwa katika GURPS ya mwaka 1988 nguvu na wepesi viliuzwa bei moja? Kufika toleo la 2004, wepesi ukawa pointi 20 kwa hatua, nguvu 10. Mwepesi anapata mengi: anapanda, analenga, anakwepa.

Na hili ni letu kabisa! Katika toleo hilo, lugha ya mama ni bure, lakini ya pili, kuisema na kuiandika kama mwenyewe, ni pointi 6. Mtu wa kawaida ana pointi 25 hadi 50 tu. Mgogo wa Chamwino aliyekua na Kigogo na anayemwaga Kiswahili vilevile, huyo amebeba mali!

Sasa zamu yako. Muunde muuza zabibu wa soko la Majengo kwa zile pointi 27 za Dungeons & Dragons: akili 15 ya kupiga hesabu, pointi 9. Mvuto 15 wa kuita wateja, 9. Nguvu 13 ya kubeba matenga, 5. Ustahimilivu 12 wa jua la mchana, 4. Zimekwisha! Wepesi na busara vimebaki 8 palepale. Jirani yako ana 27 zilezile. Ukimwona anakuzidi mbio, usinune: mchunguze vizuri, kuna mahali amelipia.