Visu vya Wainuiti: Jiwe, Shaba na Chuma cha Kimondo

Miongoni mwa Wainuiti, wakazi wa pwani za baridi kali za Greenland, Kanada ya kaskazini na Alaska, kisu kilichofanya kazi nyingi zaidi nyumbani kilikuwa mali ya mwanamke. Kisu hicho, kiitwacho ulu, kina bapa lenye umbo la hilali, na mpini wake hukaa juu ya mgongo wa bapa, hivyo nguvu za mkono hushuka moja kwa moja hadi kwenye makali. Kwa ulu mwanamke alichuna sili, akaparua mafuta ya ngozi, akakatakata nyama, na akakata ngozi za mavazi kwa upande wa ndani ili manyoya yasiharibike. Kwa kuwa uhai wa mwindaji ulitegemea mavazi hayo, ni kosa kukihesabu kisu hiki kuwa chombo cha jikoni tu. Mwanamume naye alikuwa na visu vyake, kikiwemo pana, kisu kirefu cha pembe au mfupa cha kukatia matofali ya theluji iliyoshikamana, ambayo kwayo nyumba za majira ya baridi zilijengwa.

Nchi isiyo na miti haina makaa ya kuyeyushia madini, kwa hiyo ufundi wote ulifanyika bila tanuri. Mabapa mengi yalikuwa ya sleti, jiwe linalopasuka katika matabaka membamba, ambalo fundi alilichanja, akalivunja kwa kufuata mchanjo, kisha akalisugua juu ya jiwe la mchanga mpaka likapata makali; palipohitajika tundu, alilitoboa kwa keekee ya upinde. Kandokando ya Mto Coppermine, Kanada, ilipatikana shaba safi ya asili, nayo ilifuliwa ikiwa baridi kwa nyundo za mawe.

Ufundi wa kustaajabisha kuliko wote ulikuwa wa kaskazini-magharibi mwa Greenland. Huko Cape York kilianguka kimondo cha chuma, kama kile cha Mbozi nchini Tanzania, kikavunjika vipande kadhaa vikubwa, na kwa karne nyingi watu walivigonga kwa mawe magumu yaliyobebwa kutoka mbali, wakabandua vibanzi, wakavifua hadi vikawa bapa, kisha wakavipachika kwa safu katika mfuo uliochongwa kwenye mfupa au pembe ya walarasi, mnyama wa baharini mwenye meno mawili marefu. Nahodha John Ross wa Uingereza aliviona visu hivyo mwaka 1818. Robert Peary, mpelelezi Mmarekani, alivichukua vipande vitatu vya kimondo hicho, na kikubwa kuliko vyote, chenye uzito wa tani zipatazo 31, alikisafirisha hadi New York mwaka 1897. Jambo hilo linastahili kuitwa unyang'anyi, hata kama wakati huo chuma cha biashara kilikuwa kimekwisha kuwafikia wenyeji.

Leo ulu nyingi hutengenezwa kwa feleji, mara nyingi iliyokatwa kutoka misumeno ya zamani.